Tundu Chini ya Jiko

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa karakana yangu. Mkwe wangu alikuwa amepiga magoti ndani ya lile gari, kichwa amekiingiza kwenye kabati lililo chini ya jiko, spana mkononi, na harufu ya gesi imejaa kila pembe. Aliponiona alishtuka, akaificha spana mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Wengi wenu mmeniandikia. Wapo walionipa pole, wapo walionitaka nikashtaki mara moja, na yupo mama mmoja aliyeniandikia mstari mmoja tu, kwamba mimi nina gubu. Mama huyo sina ugomvi naye. Asome ya leo mpaka mwisho, maana leo ndipo ninapoungama.

Kwa aliyeanza kusoma leo: mimi ni fundi wa makochi. Watu wananiita Mama Sponji na wala sikasiriki. Nashona viti, natengeneza magodoro, natandika mazulia ya plastiki, na miaka sita hii kazi yangu kubwa imekuwa magari ya kulala. Mtu ananunua gari la mizigo, tunalivua hadi bati, tunalipiga mbao, tunalitia kitanda, jiko, sinki, betri na sola, kisha anaondoka na nyumba yake mgongoni kama kobe.

Nina binti mmoja, na mwaka huu aliolewa. Mumewe mimi namwita Bwana Kimya. Ni mgane. Mke wake wa kwanza alifariki, na ukimuuliza alifariki kwa nini anakwambia "aliugua", halafu anatazama viatu vyake. Ni mtu wa kupima vitu bila kusema na kuviandika kwenye kijitabu. Alinunua gari, wakalitengenezea kwenye karakana yangu miezi mitatu, na mpango wao ulikuwa kuacha kazi na nyumba, waende kuishi barabarani. Binti yangu alikuwa na kazi safi ya kuuza dawa, na kiti chake cha kuzunguka.

Sasa niambieni nyinyi. Mwanamume asiyetaka kusema mkewe alikufaje anamtoa mwanangu kwa watu wake, anamtia ndani ya bati lenye kufuli kwa ndani na mtungi wa gesi. Mngelala usingizi?

Basi turudi kwenye spana. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anakaza. Nikamuuliza anakaza nini kinachonuka namna ile. Akasema ni kidogo tu, Mama, inakwisha. Akafunga kabati, akanipita pembeni, akaenda kunawa mikono.

Anakaza. Mtu anayekaza anaficha spana ya nini?

Sikusema neno siku ile. Nililibana moyoni, nikalala nalo, nikaamka nalo, na kesho yake mchana lilikuwa bado linanikaba, wakati tumekaa mezani kwangu kuwaaga. Tulikuwa wanne: binti yangu, Bwana Kimya, mimi, na dada yangu mkubwa, ambaye kazi yake duniani ni kumpenda kila mtu bila kumchunguza.

Dada akatoa maneno mazuri ya safari. Akamaliza, akanigeukia, akasema na mama mzazi atie baraka zake. Nikasimama. Wallahi nilisimama kwa nia ya kubariki, lakini mdomo ukashika njia yake.

Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema nimemwona mtu kwa macho yangu mawili akilegeza mpira wa gesi chini ya jiko ambalo mwanangu ndiye atakayepika juu yake. Nikasema mke mmoja ameshakufa na hatujui alikufaje, na mimi wa pili simtoi.

Dada alidondosha kijiko. Bwana Kimya alinitazama, akatazama sahani yake, akakaa kimya kama kawaida yake, na mimi kile kimya nikakihesabu kuwa ushahidi.

Binti yangu ndiye aliyesimama. Sikuwahi kumwona na uso ule, hata alipokuwa mdogo nikimnyima kitu.

"Mama, nimechoka," akasema. "Kila wiki una jipya. Mwanzo ilikuwa kufuli, likaja kaburi la mke wake wa kwanza, leo ni gesi. Kila siku toka kwenye gari, toka kwenye gari. Sitoki. Moyo ukitulia nitakutafuta mwenyewe. Wewe usinitafute."

Wakaondoka siku ile ile, saa tisa, kabla ya chai. Dada aliwasindikiza hadi garini akilia. Mimi nilisimama upande wa dereva kama mtu anayekagua matairi.

Na hapa, ndugu zangu, pana jambo ambalo naona haya kulisema. Wakati wanakumbatiana na dada, mimi nilitia mkono kwenye mfuko wa mlango wa dereva nikachomoa kile kijitabu. Nikakisokomeza ndani ya kitenge. Mwizi ni mwizi tu, hata akiiba kwa mkwewe.

Jioni nilimpigia binti yangu. Simu ikalia mara moja ikakatika. Nikapiga tena, vivyo hivyo. Niliposhika simu ya jirani nikajaribu, ikaita vizuri, akapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Hapo nikajua ameifunga namba yangu. Namba ya Bwana Kimya sikuwahi kuihifadhi, kwa sababu sikutaka jina lake likae kwenye simu yangu.

Siku mbili nikawa mtu wa kusoma kijitabu. Kilikuwa na kurasa nyingi, maandishi madogo yaliyosimama wima, yote ni ya gari.

"Rafu ya juu ishushwe, yeye hafiki." "Sponji ngumu upande wake, mgongo unamsumbua." "Yeye husinzia akisoma, swichi ya taa iwe karibu na mkono wake." "Kufuli ndani, yeye huogopa akiwa peke yake."

Yeye, yeye, yeye. Dada yangu angesoma pale angelia machozi ya furaha. Mimi nilisoma kama askari anavyosoma maelezo ya mtuhumiwa. Nikajiuliza, mtu anayempenda mkewe anashindwaje kuandika jina lake? Hivi ndivyo mtu anavyoandika habari za ng'ombe anayemnenepesha.

Siku ya tatu asubuhi nikafika ukurasa wa mwisho. Ulikuwa na tarehe ya siku ile ya spana. Uliandikwa hivi: "Harufu bado ipo kidogo. Tundu linatosha. Mpira mpya tukifika mji wa pili."

Niliinuka kwenye kiti. Mtu anajua gesi inavuja. Ameandika kwa mkono wake kwamba inavuja. Na bado amemtia mwanangu ndani na kuondoka naye, na anasema tundu linatosha. Linatosha kufanya nini? Sikulielewa hilo neno la tundu, lakini sikuwa na haja ya kulielewa. Nilikuwa nimempata.

Nilitaka shahidi mwenye ujuzi. Nikaenda kwa fundi wa gesi, ambaye karakana yake na yangu zinagawana ukuta, na ndiye aliyefunga mtungi na mabomba ya gari lile. Nilimkuta amelala kifudifudi ndani ya gari la mteja mwingine, kijiti cha meno mdomoni, miguu inaning'inia mlangoni. Nikamwambia atoke, nina kesi ya kuua mtu hapa.

Akatoka, akajifuta mikono, akasoma. Nilikuwa namtazama usoni nikisubiri abadilike rangi. Akatabasamu.

Akasema mkwe wangu ni mtu makini sana, na yeye mwenyewe fundi angepata wateja watatu kama yule asingezeeka upesi. Akasema siku ile ya spana Bwana Kimya alikuja kwake kwanza, akamwambia mpira una ufa mdogo kwenye kiungo na unanuka. Fundi akamwazima spana akakaze, lakini mpira mpya wa saizi ile ulikuwa haupo dukani mpaka mji wa pili. Wakakubaliana afunge mtungi kila akimaliza kupika, na akisahau siku moja hakutakuwa na neno, kwa sababu tundu lipo.

Nikamwuliza kwa nini basi aliificha spana aliponiona. Fundi akacheka kabisa. Akasema, "Mama Sponji, si anakuogopa? Hata mimi nakuogopa."

Nilikasirika, lakini nilikuwa nimeshika kijitabu na sikutaka kuonekana mjinga. Nikamwuliza tundu ndilo nini.

Hapo fundi akatoa kijiti mdomoni. Kazi yake akiulizwa huwa anapenda kuieleza.

"Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa," akasema. "Ikivuja haipandi darini. Inashuka sakafuni, inatandaa kama maji yaliyomwagika, inakaa pale inasubiri moto. Ndiyo maana kila gari ninatoboa sakafu ndani ya kabati la mtungi. Ikivuja inashuka, inapita tunduni, inapotelea nje."

Akanionyesha ndani ya gari alilokuwa akilifanyia kazi. Kwenye kona ya kabati, sakafuni, nyuma ya mahali pa mtungi, palikuwa na tundu la duara, upana wa mdomo wa kikombe, na kupitia tundu lile niliiona sakafu ya karakana.

 Ndugu msomaji, tundu lile nilikuwa nimeshaliona.

Nilikuwa nimeliona katika gari la binti yangu, wiki mbili kabla ya safari, siku niliyoingia kutandika zulia. Nikasema loo, fundi amekosea kipimo, ametoboa pasipo mahali pake kisha akaliacha wazi akidhani halitaonekana. Nyinyi hamnijui. Mimi tundu ni adui yangu. Miaka thelathini kazi yangu ni kufunika. Tundu ni vumbi, tundu ni mende, tundu ni maji ya matope yanayoozesha mbao kwa chini.

Nikachukua sponji nikaishindilia. Juu yake nikapiga kibao cha plaiwudi, nikakimiminia gundi, nikatandika zulia hata chembe ya ufa usiione. Na kwa kuwa nampenda mwanangu, sikuishia hapo. Nililala chali chini ya gari, nikaziba na upande wa nje kwa lami nyeusi, nikailainisha kwa kidole. Niliona raha ile ya kazi iliyokwisha vizuri.

Sikumwambia mtu. Fundi wa gesi ni mtu wa kununa akikosolewa, nikaona bora nimsitiri.

Sasa yule niliyemsitiri alikuwa amesimama mbele yangu, kijiti kimerudi mdomoni. Akaniuliza, kama mtu anayeulizia habari za mvua, kwamba siku ile nilipotandika zulia bila shaka nililikata kuzunguka tundu nikaliacha wazi.

Nikamjibu, "Nililiacha."

Hiyo ndiyo dhambi ya kwanza ninayoungama leo. Kuziba ilikuwa ujinga, na mjinga akierevuka husamehewa. Lakini kusema nililiacha, nikijua sikuliacha, huo si ujinga. Nilimpa fundi mgongo, nikarudi upande wangu wa ukuta, nikakaa juu ya rundo la sponji.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Mnisikie vizuri, saa nzima, mwanangu akiwa barabarani na gari lililozibwa.

Nilikuwa nafikiri nini? Niliwaza namna ya kuwaonya bila kusema ni nani aliyeziba. Nikafikiri kuandika ujumbe kwamba fundi amesahau kutoboa. Nikaona fundi ataapa kwamba alitoboa. Nikafikiri kusema kuna panya aliyeziba. Nikafikiri kwamba pengine Bwana Kimya, mtu wa kuandika kila kitu, alikwishaliona zulia na kulikata. Nikajishikiza hapo kidogo. Lakini kama angelikata, je, angeandika tu kwamba tundu linatosha? Angeandika kwamba mama mkwe amelifunika.

Na nikifika mwisho wa kila wazo nilikuwa naona kitu kimoja. Mimi niliyesimama mezani nikamwita muuaji, mimi ndiye niliyekuwa na mkono ndani ya kabati.

Nilipoinuka ilikuwa saa tano na nusu. Nikampigia binti yangu, ikalia mara moja ikakatika. Simu ya jirani nayo alikuwa ameshaifunga. Akawa amebaki mtu mmoja, dada.

Dada alipokea, na kwa kuwa bado ana hasira na mimi, alinisalimia kwa jina langu kamili. Nikamwambia naomba namba ya mkwe. Akauliza ya nini. Nikasema nataka kuwajulia hali tu.

"Siku tatu hizi ndiyo unakumbuka hali yao?" akasema. "Namba sikupi. Yule mtoto ameniapisha."

Nikasema ni jambo la gari. Akasema jambo la gari nilikwishalimaliza mezani mbele ya wali wake. Nikasema ni jambo la gesi. Akashusha pumzi ndefu, nikajua anataka kukata.

"Dada, ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeziba tundu la kutolea gesi. Mpira unavuja na mkwe anajua, ila anadhani tundu lipo. Nimeliziba juu na chini. Sikujua."

 Dada akanitajia namba polepole, tarakimu moja moja, akanitaka nirudie. Nilirudia. Akasema nipige sasa hivi, ya kulaumiana yatakuja baadaye.

Bwana Kimya alipokea mlio wa pili. Akaitikia kwa adabu, "Shikamoo, Mama." Kumbe namba yangu yeye anayo. Kwa nyuma yake nilisikia upepo na watu wakiuliza bei, hakuna mlio wa gari.

Na hapa naungama ya pili. Hata pale, na dada ameshaniambia nipige sasa hivi, bado nilitafuta njia ya kupita pembeni. Nikamwuliza kama ameshaubadilisha ule mpira wa jiko.

Kimya. Kimya chake kile kile, lakini safari hii niliogopa mimi.

"Mama," akasema, "habari ya mpira umeijuaje? Sikumwambia mtu ila fundi. Na kijitabu changu nimekitafuta gari zima."

Nilikisokomeza kijitabu ndani ya kitenge, kana kwamba ananiona.

"Kijitabu unacho wewe," akasema. Hakuuliza. "Mama, umefanya nini kwenye gari letu?"

Mnaona mambo yalivyogeuka. Miezi mitatu mimi ndiye niliyekuwa nikimchunguza mikono, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akinitazama mimi kwenye simu, na alikuwa na haki. Nikamwambia yote. Sponji, plaiwudi, gundi, lami. Nilisema haraka kama mtu anayetapika.

Alinikatiza mara moja tu, kuuliza kama na upande wa nje nao. Nikasema na wa nje. Nikamwuliza mwanangu yuko wapi.

Akasema yuko garini, amelala. Ana mafua tangu jana, pua zimeziba kabisa, hasikii harufu ya kitu chochote. Leo asubuhi aliamka na kichwa kinamgonga, wakadhani ni mafua hayo hayo. Yeye akamfungia madirisha kwa sababu ya baridi, akamwacha apumzike, akatembea mpaka madukani kumtafutia dawa. Gari liko nyuma, kwenye uwanja wa kuegesha, mwendo wa robo saa kwa miguu.

"Mtungi uliufunga?" nikauliza.

Akasema chai ya asubuhi aliipika mwanangu. Akasema hakumbuki. Bwana Kimya, mtu anayeandika mpaka urefu wa swichi, hakumbuki. Kisha sauti yake ikaanza kukatikakatika, nikasikia viatu vinapiga lami, nikajua anakimbia.

Akasema atampigia ili atoke nje. Akaniambia nikae karibu na simu, akakata.

Nilikaa karibu na simu. Nilisimama katikati ya karakana nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, na fundi wa gesi alikuwa amekuja mlangoni kwangu. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Kijiti hakikuwemo mdomoni. Nikamwambia, "Sikuliacha." Akaitikia kwa kichwa, akabaki pale pale amesimama.

Dakika nne, tano. Simu ya mkwe ikaniita. Akasema, anahema, kwamba mke wake hapokei, amepiga mara tatu, na bado ana kona mbili kufika. Akakata tena.

Halafu simu ikaita mara nyingine, nikaipokea bila kutazama.

"Mama."

Alikuwa ni binti yangu. Sauti nzito ya mafua, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Niliposikia ile sauti nilikaa chini kwenye sakafu, maana alikuwa hai, na alikuwa ananiita mama.

Mwanangu akianza kuongea hangoji kuitikiwa, kanirithi mimi. Akasema simu ya mumewe imemwamsha lakini ilikatika kabla hajaifikia, na alipoishika mkononi akaona siku tatu zimepita hajaongea na mimi. Akasema ameota nalia. Akasema amefungua namba yangu, hasira zimekwisha, na hajui tulikuwa tukigombania nini mpaka ifike huko.

"Mwanangu," nikasema, "toka nje ya gari. Gesi. Toka sasa hivi."

 Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mama, gesi tena? Nimekupigia tupatane, na neno lako la kwanza ni toka kwenye gari." Akapenga kamasi. "Haya. Leo sigombani nawe. Kichwa kinanigonga na koo limekauka. Usikate, nibandike maji ya chai, nije tuongee vizuri kama watu."

Nikasema ni mimi. Nikasema si mumeo, mumeo hana kosa, ni mimi niliyeziba tundu kwa mkono wangu, toka nje mwanangu, usiwashe kitu. Niliyasema yote, kwa mpangilio na kwa sauti, yale ambayo saa nzima nilishindwa kuyasema.

Lakini alikuwa ameshaiweka simu juu ya rafu. Niliisikia ikigonga mbao, na nyayo zake zikienda upande wa jiko. Bomba likafunguliwa, maji yakaingia ndani ya sufuria.

Fundi wa gesi alinipokonya simu, akaanza kuita jina la mwanangu kwa nguvu zake zote. Akaita mara mbili, akaacha, akasikiliza, na mimi nikalisogeza sikio langu karibu na lake.

Kwa mbali, nje ya gari, mtu alikuwa akikimbia juu ya changarawe. Na ndani, karibu kabisa, mwanangu alikuwa akitikisa kiberiti.